Mshauri wa Mfalme Katika Ukumbi wa Malvern

Tangu nirudi Tabora, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile: "Mwalimu Perpetua, huko Johannesburg kulikuwaje?" Nami nimekuwa nikijibu "kuzuri tu" na kupita zangu. Hilo si jibu. Nimeona afadhali niandike mara moja, mpokezane msome, kisha tuzungumze mengine. Habari za pasipoti, tiketi na mihuri naziruka, maana hazina utamu kwa yeyote.

Wengi wenu mlisikia nimeitwa kutengeneza picha, mkadhani ni picha za kamera. Sivyo. Padre mmoja aliyewahi kukaa kwetu, aliyeniona miaka ile nikiziba matundu ya mende kwenye vitabu vya maktaba ya misheni, alihamishiwa Johannesburg. Huko akakuta jumuiya ya Wakongomani wanaosali katika ukumbi wa kukodi, mtaa wa Malvern. Ukutani walikuwa na picha tisa za Kifaransa, zilizochapwa kwenye karatasi karne tatu na nusu zilizopita, nyingine za watakatifu na nyingine za mabwana wa zama zile. Walikuwa wamezibandika kwa selotepu. Padre alipoziona alishika kichwa, akanipigia simu.

Tabora hadi mpakani

Basi la Mbeya lilitoka alfajiri. Nilibeba brashi zangu, unga wa ngano wa kupikia gundi, karatasi nyepesi za kuzibia, dagaa wa Kigoma, na galoni ndogo ya asali ya kwetu kwa ajili ya wenyeji wangu. Galoni niliifunga kwa mfuko wa plastiki, kisha kwa kanga, nikaisimamisha katikati ya nguo. Tulipofika Chunya, kwenye milima na baridi yake, jirani yangu akaniambia kwa upole kuwa begi langu linanukia vizuri sana. Nikajua limekwisha. Gauni langu la kitenge, lile la pekee nililolishona kwa safari, lilikuwa limekunywa nusu ya asali.

Nililifua Tunduma katika beseni la nyumba ya wageni. Mhudumu alinisaidia kulikamua. Aliniuliza nakwenda kwa nani huko Afrika Kusini, mtoto au mume. Nilipomwambia sina mtu huko, nakwenda kwa kazi, na kwamba hata nyumbani naishi peke yangu, aliendelea kukamua. Mnajua kwamba upweke haujawahi kunisumbua. Hapa nikitoka mlangoni nasalimiwa mara ishirini kabla sijafika sokoni. Sikujua kwamba salamu hizo ndizo zilizokuwa zinanishikilia.

Lusaka, na bega langu

Kutoka Lusaka nilikaa na mama mmoja wa Kizambia, mnene, mwenye kofia ya sufu. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya Kiingereza cha kuombana radhi. Hata hatujatoka mjini, alilala, kichwa chake kikaegemea bega langu, na hapo kikakaa kwa saa nyingi. Sikuthubutu kusogea. Mkono ulikufa ganzi, nikauacha ufe. Alipoamka alishuka kwenye mji mdogo kabla ya mpaka wa Zimbabwe, akachukua kapu lake, akaenda bila kugeuka. Hana kosa, hakunijua. Lakini bega lile lilibaki na baridi mpaka jioni, nami nikajishangaa.

Karibu na Masvingo

Siku ya pili mkanda wa injini ulikatika. Dereva alisema saa moja, tulikaa saba. Abiria walishuka, wakatandika kanga na magazeti kando ya barabara. Akina mama wa jirani walituuzia mahindi ya kuchoma na karanga.

Alikuwepo mzee mmoja wa Kizimbabwe aliyekuwa akienda kumwona binti yake akipokea shahada. Alikuwa na suti ndani ya mfuko mrefu wa plastiki, na tangu tukwame alikuwa akitazama saa yake. Ilipofika saa nane mchana aliingia nyuma ya basi, akatoka amevaa suti ile, tai na yote. Akaketi juu ya sanduku lake, mgongo wima, mikono magotini. Nilimwuliza kama yuko salama. Akanijibu kwamba sherehe imeanza. Aliketi hivyo karibu saa mbili nzima, kisha akaenda kubadilisha nguo, akaikunja suti vizuri, akanunua hindi.

Hakuna aliyemcheka. Nilitaka kukaa karibu naye, lakini niliona kwamba kile ni kikao cha mtu na mwanawe.

Bertrams

Pale Park Station nilipokewa na Papa Kasongo, katibu wa jumuiya. Ni fundi cherehani, mtu wa Lubumbashi, mfupi, na futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake. Alinipokea begi, akalinusa, akanitazama. Nikamweleza. Akasema asali iliyomwagika njiani ni sadaka ya barabara, na ndiyo maana nimefika.

Nilipangiwa kukaa kwa Mama Odette, msusi, mwenyeji wa Uvira. Anaishi Bertrams, karibu na uwanja mkubwa wa mpira, katika nusu ya nyumba ya zamani yenye paa la bati na nondo kila dirisha. Ana binti mmoja, Neema, mwanafunzi wa chuo, aliyezaliwa huko huko. Neema anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku ya kwanza nilimpa salamu ndefu ya kwetu, habari za nyumbani, za masomo, za afya. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sharp, auntie," akaingia chumbani. Nilidhani nimemkosea. Baadaye nikaelewa kwamba ndiyo heri zote hizo kwa neno moja.

Mama Odette alinipikia sombe, ambayo ni kisamvu chetu, na bukari, ambayo ni ugali wetu, na ambayo dukani imeandikwa "pap". Dagaa wangu aliwaita ndakala, akawamezea mate. Tulicheka sana mezani pale. Aliweka vikombe vinne vya kahawa, nasi tulikuwa watatu. Cha nne alikijaza, akakifunika kwa kisahani.

Asubuhi, alipokwisha kuondoka kwenda saluni kwake Marshalltown, Neema ndiye aliyenieleza. Baba yake, Gaspard, alikuwa mlinzi wa majengo. Miaka sita iliyopita alitoka kwenda kazini na hakurudi. Walitafuta hospitali, vituo vya polisi, vyumba vya maiti. Hakuna aliyemwona, hakuna mwili. Mama yake hutaka kikombe kiwepo. Neema alisema hayo huku akiosha kile kikombe, kisha akaongeza, kwa Kiswahili safi kabisa: "Mimi sijui nimlilie au nimsubiri."

Malvern

Njia ya kwenda kazini nilielekezwa na Papa Kasongo kwa simu: panda teksi ya barabara ya Jules, ukifika robot ya tatu, shuka. Nilitafuta mtu wa chuma barabarani mpaka nikapitilizwa mbali. Dereva alipoelewa ninachotafuta, alinionyesha taa za barabarani, za kijani na nyekundu, akatikisa kichwa. Nilirudi kwa miguu, nikipita maduka ya matairi, ya magodoro, ya nywele za bandia. Nilisalimia kila niliyepishana naye, kama nilivyolelewa. Watu walishika mikoba yao vizuri zaidi. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimeacha kusalimia.

Ukumbi uko juu ya duka la vipuri. Picha zile tisa zilikuwa za bibi mmoja wa Kifaransa aliyeishi jirani na duka la Papa Kasongo. Kasongo alimpunguzia nguo zake zote kadiri alivyozidi kukonda, na bibi alipofariki akamwachia sanduku, afanye apendavyo.

Niwaeleze kidogo zilivyo, maana ndizo zilizonipeleka. Msanii alichukua bamba la shaba, akalipaka nta, akachora kwa sindano mpaka shaba ikaonekana. Kisha akalimwagia tindikali, ikala shaba pale tu sindano ilipopita. Mistari ile ikajazwa wino, karatasi nyevu ikagandamizwa juu yake kwa mashine. Ukipitisha kidole kwenye pambizo unaligusa bonde dogo, alama ya ukingo wa bamba. Nilipomwonyesha Papa Kasongo alama ile, aliacha mkasi wake mezani. Baba yake alichimba shaba maisha yake yote. Aliweka kidole pale, akasema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba shaba inaweza kulia machozi ya Petro.

Maana mojawapo ilikuwa Petro akilia baada ya jogoo kuwika. Nyingine ilikuwa Magdalena na fuvu mapajani. Nyingine ilikuwa Yosefu akiongoza punda kwenda Misri, Maria juu yake, mtoto kifuani. Hii ndiyo iliyokuwa imechakaa kuliko zote, kwa sababu kila mtu aliigusa akipita. Watu wa Uvira na Fizi, waliokimbia vita kwao, hawakuhitaji kuelezwa kitu juu ya picha ile.

Lakini iliyopendwa na Mama Odette ilikuwa ya bwana mmoja ndani ya duara la yai, mwenye kola ya lesi, masharubu membamba na nywele ndefu za mawimbi. Macho yake yalimfuata mtu kila alikosimama. Chini yake palikuwa na maneno, jina limeliwa na mende, yakabaki haya tu: Conseiller du Roy. Kwa kuwa wote wanajua Kifaransa, walisoma bila shida: Mshauri wa Mfalme. Na kwa kuwa alining'inia kati ya Petro na Magdalena, hakuna aliyejiuliza ni mfalme gani.

Mama Odette alikuwa akifika kila Alhamisi baada ya kazi, anavuta kiti, anakaa mbele yake. Mara ya kwanza kumkuta hapo aliniambia bila aibu, "Najua hiyo ni wigi, Mama Mwalimu. Nimefanya kazi ya nywele miaka ishirini. Lakini tazama anavyosikiliza." Alimwomba jambo moja tu, kwamba amwulizie Mfalme Gaspard yuko wapi.

Mstari wa pili

Wiki ya pili nilifika kwenye picha ile. Nilipolowesha selotepu ya nyuma na kuivuta polepole, ukingo wa chini ulifunguka. Ulikuwa umekunjwa kwa ndani, nao ulikuwa na mstari mwingine. Kifaransa sikijui. Nilimwita Papa Kasongo. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

Bwana wa pichani alikuwa mkusanyaji mkuu wa kodi za mfalme wa Ufaransa.

Papa Kasongo alikaa kwenye benchi. Alisema hata Matayo alikuwa mtoza ushuru. Kisha akasema tukunje ukingo kama ulivyokuwa. Nikamwambia siwezi, mkunjo ule unakata karatasi. Akasema, "Basi mimi sitasema. Wewe ndiye uliyeitwa useme picha hizi ni nini." Akarudi dukani kwake.

Sikusema. Siku tatu nilikula sombe ya mwanamke yule, nikakaa mbele ya kikombe cha nne, nikanyamaza. Nilijiambia si kazi yangu. Nilijiambia mgeni hapaswi kuvunja chungu cha mwenyeji. Maneno hayo yalisikika vizuri, lakini ukweli ni kwamba katika mji ule mzima Mama Odette ndiye mtu pekee aliyenisalimia asubuhi, nami niliogopa kumpoteza.

Jumatano alirudi mapema, akanikuta jikoni nikichambua mchele. Akakaa kunisaidia. Akaniuliza kama kwenye kazi yangu nimegundua jina la Mshauri, maana alitaka kuanza kumwita kwa jina.

Nikamwambia. Jina halipo, limeliwa. Hakuwa mtakatifu, alikuwa mkusanya kodi, tajiri aliyelipa mtu amchore.

Aliendelea kuchambua. Nilijaribu ile ya Matayo. Akasema, "Matayo aliiacha meza yake. Huyu amevaa lesi." Akasimama, akaosha mikono, akaingia chumbani kwake.

Siku tano

Kwa siku tano alinisalimia, "Umeamkaje," nikajibu, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya siku nzima. Chakula aliniwekea, kimefunikwa kwa sahani, kama kawaida. Alhamisi ilipofika hakuja ukumbini. Nilikisogeza kile kiti ukutani, kisha nikakirudisha.

Nilifanya kazi. Nilimziba Yosefu mkono, nikamrudishia punda sikio. Jioni nilitembea mpaka uwanjani na kurudi, nikapishana na watu waliotazama chini. Siku moja nilijikuta nimesimama nje ya duka dogo, spaza kama wanavyoliita, nikanunua kiberiti nisichokihitaji ili mtu aniambie asante. Mwenye duka alinirudishia chenji kupitia nondo na hakusema kitu. Nilikwenda nyumbani na kiberiti changu. Hiyo ndiyo Johannesburg niliyowajibu "kuzuri tu".

Jumanne asubuhi Mama Odette hakuondoka kwenda kazini. Alikaa mkabala nami, amejifunga kitenge chake cha kanisani.

"Mama Mwalimu," akasema, "nimefikiri. Kama huyo bwana si mtakatifu, basi ni nini?"

Nilisema ni mtu tu.

"Mtu aliyekufa. Marehemu. Sasa marehemu haombwi, marehemu huombewa. Miaka yote hiyo nani anamwombea? Jina lake limeliwa na mende. Mimi nilimchosha kwa maombi, na kumbe yeye ndiye alikuwa anangoja kwangu."

Akaniuliza kama Jumapili nitakuwa bado nipo. Nikasema nitakuwepo, basi langu ni Jumatatu. Akasema vizuri, atampelekea Papa Kasongo nia ya Misa. Kisha akanimiminia chai, akaniuliza kama kweli Tabora maembe ni makubwa kama ninavyojisifu. Nilijibu huku machozi yananilenga. Alijifanya haoni.

Misa

Picha zote tisa zilikuwa ndani ya fremu, nyuma ya kioo, bila kipande cha selotepu. Mkusanya kodi sikumwondoa. Nilimhamishia karibu na mlango, pale wanapobandika majina ya marehemu wa jumuiya, na maneno yake yote yakionekana. Watu walisoma. Wengine walicheka kidogo. Mama mmoja aliyekuwa amewahi kumwashia mshumaa aliguna na kusema angalau kodi yake imemfikia.

Neema alikuja. Papa Kasongo aliniambia hajawahi kumwona ukumbini tangu awe msichana mdogo. Alikaa pembeni ya mama yake, simu mkononi, haitazami.

Padre alipofika kwenye nia, Papa Kasongo alisimama na karatasi yake. Alisoma wagonjwa. Alisoma wasafiri, nami nikiwemo. Kisha akasoma marehemu. Kwanza bibi wa Kifaransa. Halafu bwana wa pichani, ambaye jina lake Mungu analijua. Halafu akasita. Aliitazama karatasi, akamtazama Mama Odette kwa muda mrefu, mpaka watu wakaanza kugeuka. Mama Odette aliinamisha kichwa kumwambia asome.

"Na Gaspard wa Odette," akasoma.

Ukumbi wote ulishusha pumzi pamoja. Miaka sita walikuwa wamemsoma miongoni mwa wasafiri. Neema aliweka simu chini, akamlalia mama yake begani, akalia kwa sauti, kama mtoto aliyeambiwa sasa anaweza. Mama Odette hakulia. Alimshika kichwa, vidole vikipita kwenye nywele zake, vikitafuta njia, kama afanyavyo kazini.

Mimi nilikaa nyuma. Sikujua kama nimemfungua mwanamke yule au nimemzikia mumewe bila mwili. Mpaka leo sijui, na mkiniuliza nitawaambia hivyo hivyo.

Kurudi

Jumatatu alinisindikiza yeye mwenyewe Park Station. Alinifungia bukari na samaki kwenye karatasi ya foili, na chupa ya maji. Hakutaja Misa, nami sikuitaja. Tulisimama kwenye foleni tukiongea juu ya uzito wa begi.

Basi lilipofunguliwa milango aliingia kabla yangu, akapita katikati ya watu kwa viwiko, akanishikia kiti cha dirishani upande usiopigwa na jua. Alipangusa kiti kwa kiganja chake.

"Kaa hapa," akasema. "Gaspard alikuwa anapenda dirishani."

Nilikuwa nimekaa naye wiki tatu, na siku zote alikuwa akisema Gaspard anapenda, Gaspard hali hiki, Gaspard anasema hivi. Alilisikia neno lake mwenyewe, lile "alikuwa". Alisimama pale kwenye njia ya basi, watu wakimsukuma na mizigo yao, akalirudia polepole, kama anayejaribu kiatu kipya. Kisha akaniambia nisalimie Tabora, akashuka.

Kiti cha pembeni yangu hakikupata mtu mpaka mpakani.